Maswali Yenu: Risasi Walizoacha Wazee

Barua za mwezi huu zimetoka Kibosho, Usa River, Ngaramtoni, Kahe na kwingineko, na nyingi zinahusu jambo moja: mzee amefariki au amehama, na kwenye sanduku, darini au shambani zimekutwa risasi za zamani. Neno moja kwa wote kabla hatujaanza: kurithi nyumba si kurithi leseni. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, risasi hata moja inahitaji mwenye kibali. Hakuna anayewalaumu kwa kuzikuta, ila kukaa nazo kimya ni jambo jingine.

Swali: Baba yetu alifariki mwaka jana. Kwenye sanduku lake la bati tumekuta kopo lenye risasi za aina tatu. Bunduki yake ilishakabidhiwa polisi zamani. Aina ya kwanza ina herufi DI, mwaka 1943 na herufi Z kwenye kitako. Ya pili ina R na L, katikati kuna mshale, na alama VII. Ya tatu ni kubwa, ina mkanda wa chuma juu kidogo ya kitako na neno KYNOCH. Ni za bunduki gani, na tuzifanyie nini? *Msomaji, Kibosho*

Jibu: Anzeni na polisi, utambuzi utafuata. Mpigieni simu mkuu wa kituo kilicho karibu, au mtumieni mtendaji wa kijiji awasiliane naye. Mwambieni mmekuta nini, kiasi gani na mahali gani, kisha mfuate atakavyoelekeza. Msizitie kwenye mkoba na kupanda nazo daladala kwenda Moshi mjini, maana mkisimamishwa njiani mtaeleza kwa shida sana, na risasi yenye kasoro haipaswi kutikiswa kati ya abiria. Mkiwa mnasubiri, acheni kopo mahali pakavu penye kivuli, mbali na jiko na mbali na watoto, na lisifungwe kwa kubana sana.

Utambuzi wenyewe ni kazi ya macho zaidi kuliko mikono. Tandazeni kitambaa cheupe mezani, vaeni glavu nyepesi kwa sababu kutu ya kijani na vumbi la madini ya risasi vyote ni sumu, kisha mshike risasi moja moja. Kitako kimulikwe kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Mwanga wa pembeni huyatoa maandishi yaliyofifia. Pigeni picha kwa simu mkuze herufi. Msisugue kitako kwa chaki, msasa wala majivu. Kile kiduara cha katikati ni fataki, yaani kiwashio, na hicho ndicho kinachopasuka kwa kugongwa.

Maandishi ya kitako husimulia mambo mawili au matatu: nani alitengeneza, lini, na ya aina gani. Kanuni ya jumla, japo si amri, ni kwamba risasi yenye mwaka ni ya kijeshi, na yenye jina la kampuni na kipimo bila mwaka ni ya kuwindia. DI ni kiwanda cha Defence Industries cha Kanada, wakati wa Vita vya Pili. R na L zenye mshale ni Royal Laboratory ya Woolwich, Uingereza. Mshale ule ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Zote mbili, kwa maelezo yenu, ni .303 (kipimo cha upana kwa inchi), risasi ya bunduki za Lee-Enfield za jeshi la Uingereza. VII ni toleo la saba, lililoanza kutumika mwaka 1910, lenye kichwa chenye ncha kali cha uzito wa gramu 11.3. Herufi Z ina maana kubwa kuliko inavyoonekana: yenye Z imejazwa baruti ya chembechembe, isiyo na Z imejazwa kodaiti, ambayo ni nyuzi ndefu mfano wa tambi, zenye nitroglisarini ndani yake. Tutarudi kwenye hilo.

Hata hivyo maandishi peke yake hayatoshi, kwa sababu ganda linaweza kuwa lilijazwa upya na fundi, au likapanuliwa shingo kuwa la kipimo kingine. Hapo ndipo venia kalipa, yaani kipimo chenye meno mawili cha kupimia urefu na upana kwa usahihi, inapohitajika, na ya plastiki ni bora kuliko ya chuma. Pimeni urefu wa ganda bila kichwa, kipenyo cha kitako, na kipenyo cha kichwa pale kinapoingia kwenye mdomo wa ganda. Meno ya kalipa yasiguse fataki.

Ganda la .303 lina urefu wa milimita 56.4, na kitako chake kina ukingo uliotokeza nje, kipenyo milimita 13.7, risasi nzima ni kama milimita 78. Ukingo huo ndio unaoitofautisha na risasi ya Mauser ya Kijerumani ya 8×57, ambayo urefu wa ganda unakaribiana (milimita 57) lakini kitako hakijatokeza, kina mfuo tu. Msipime kwa kuingiza risasi kwenye bunduki kuona kama "inakaa". Kuna risasi zinazokaa na kufunga vizuri kabisa kwenye bunduki isiyo yake, zikaharibu kila kitu zinapolipuka.

Hiyo ya KYNOCH (kampuni ya Kiingereza ya risasi) yenye mkanda inaelekea kuwa .375 Magnum, iliyotoka mwaka 1912 na kupendwa sana na wawindaji wa Afrika Mashariki. Ganda lake ni milimita 72.4 na kichwa ni milimita 9.5. Lakini tazameni vizuri: .300 Magnum ina mkanda uleule na urefu uleule, tofauti ni kichwa cha milimita 7.8. Na .458 Winchester ya mwaka 1956 ina mkanda pia, ila ganda ni fupi, milimita 63.5, na kichwa ni kinene, milimita 11.6. Halafu kuna .375 nyingine za Kiingereza zenye ukingo na bila mkanda, ambazo zilitengenezwa kwa bunduki za mitutu miwili. Ndiyo maana mtu akikuambia "ni three-seven-five tu," bado hajakuambia kitu.

Jambo la mwisho kwa .303: tazameni rangi kwenye mfuo unaozunguka fataki. Waingereza walitumia zambarau kwa risasi ya kawaida, nyekundu kwa ile inayoacha mwanga njiani, kijani kwa inayotoboa chuma, buluu kwa inayowasha moto, na nyeusi kwa inayolipuka inapogonga. Za Wamarekani za .30-06, ambazo ganda lake ni milimita 63.3, rangi iko kwenye ncha ya kichwa: nyeusi inatoboa chuma, nyekundu inaacha mwanga, buluu inawasha moto. Mkiona rangi yoyote isiyo zambarau, kazi ya kupima iishie hapo na mmwambie polisi kwenye simu.

Swali: Zangu zilikuwa za babu, zimekaa darini miaka mingi, lakini zinang'aa vizuri. Polisi wameniambia nisizitumie. Mbona zinaonekana nzima? *Msomaji, Ngaramtoni*

Jibu: Polisi wako sahihi. Mng'ao ni habari ya ngozi ya ganda, na kinachozeeka ni baruti na fataki zilizomo ndani. Pengine babu alizipiga msasa au dawa ya kung'arishia shaba, na dawa nyingi za namna hiyo zina amonia, jambo ambalo ni baya kuliko kutu.

Umri wenyewe si tatizo kubwa. Risasi iliyokaa mahali pakavu na baridi inaweza kufikisha miaka hamsini na zaidi ikiwa salama. Kinachoua ni mahali. Dari lililo chini ya bati huko Ngaramtoni saa nane mchana ni tanuri, usiku ni baridi ya Meru, na hali hiyo hurudiwa kila siku kwa miaka. Baruti isiyotoa moshi huoza polepole yenyewe na kutoa gesi za nitrojeni zenye asili ya tindikali. Viwandani huchanganywa dawa ya kuifyonza tindikali hiyo, lakini dawa huisha, na joto huiharakisha iishe. Ikishaisha, tindikali hula baruti iliyobaki na kula shaba kutoka ndani. Ukifungua kopo ukapata harufu kali ya uchachu, au ukaona vumbi jekundu-kahawia, funika, toka, fungua madirisha, piga simu. Usihamishe.

Kuna adui wa pili ambaye kwenye vihamba vyetu yupo karibu sana: banda la ng'ombe. Shaba ya ganda imevutwa na kubanwa kiwandani, na mvutano huo unabaki ndani ya chuma. Ikikutana na amonia ya mkojo wa mifugo, hata kidogo lakini kwa muda mrefu, hupasuka yenyewe bila kuguswa. Jeshi la Waingereza nchini India lilipata hasara hiyo zamani kwa kuhifadhi risasi karibu na mazizi ya farasi, na hasa wakati wa mvua za masika. Tazama shingo ya ganda kwa kioo cha kukuzia huku ukiizungusha taratibu chini ya tochi: ufa huu ni mwembamba sana, na kwa kawaida huenda kwa urefu, kutoka mdomoni kushuka. Ukiuona kwenye risasi moja ya kopo, zote za kopo hilo zichukulie zimekwisha, kwa kuwa zimelala pamoja muda wote.

Dalili nyingine za kukataa papo hapo: kutu ya kijani inayozunguka fataki au mdomo wa ganda, fataki iliyotokeza au kubonyea, kichwa kinachozunguka ukikishika kwa vidole viwili bila nguvu, na kichwa kilichosukumwa ndani kuliko wenzake. Hii ya mwisho watu huipuuza. Kichwa kikizama, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda ghafla baruti inapowaka.

Kuna jaribio maarufu la kutikisa risasi sikioni usikie baruti. Halisemi chochote. Kodaiti haichezi hata ikiwa nzima, na baruti iliyoganda kuwa bonge nayo haichezi. Risasi za awali za .458 Winchester zilijulikana kwa ubovu huo: baruti ilishindiliwa sana, ikaganda kwa kukaa, ikawa inaungua nusu. Mwindaji anayesimama mbele ya nyati hahitaji kugundua hilo hapo.

Na usikubali ule ushauri wa "piga moja, ikilia basi zote nzima." Risasi za zamani hazizeeki sawasawa. Iliyokuwa juu ya kopo ilipata joto, ya chini ilipata unyevu. Moja ikilia vizuri umejifunza habari za hiyo moja, nayo haipo tena.

Swali: Mimi nina leseni na bunduki ya .303 ya halali. Nilipewa risasi za kijeshi za miaka ya 1940 kwa utaratibu unaokubalika, nikazipiga kwenye uwanja wa shabaha. Nilipanguza mtutu kwa mafuta jioni ileile, asubuhi ukawa na kutu. Kwa nini? *Msomaji, Usa River*

Jibu: Kwa sababu ulichopanguza hakiondoki kwa mafuta. Fataki nyingi za kijeshi za wakati ule zilikuwa na kloreti ya potasiamu. Inapowaka hubaki kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na asubuhi ya Usa River ina unyevu wa kutosha. Mafuta, petroli na dizeli haviyeyushi chumvi. Maji ndiyo huiyeyusha.

Toa boliti (komeo linalofunga nyuma ya mtutu), elekeza mtutu chini, weka faneli yenye mpira upande wa chemba, pale risasi inapokaa, umimine taratibu lita moja hivi ya maji yaliyochemka. Yawe yanachemka kweli, kwa sababu mtutu ukipata moto hujikausha wenyewe. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kikavu, ndipo upake mafuta. Uso wa boliti na ncha ya pini uvisafishe vivyo hivyo, maana gesi hurudi nyuma pia. Hapo ndipo wengi husahau, kisha hushangaa pini imeliwa. Kesho yake pitisha kitambaa tena. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia maji. Fanya kazi hii siku ileile uliyopiga.

Maji yataokoa mtutu wako, hayataifanya risasi kuwa salama. Risasi za DI zenye Z nyingi zilitumia fataki zisizo na chumvi, lakini usijenge mazoea juu ya herufi moja. Maganda yaliyobaki usiyajaze upya: baadhi ya fataki za zamani zilikuwa na zebaki, na zebaki hupenya shaba na kuifanya iwe dhaifu bila dalili ya nje.

Swali: Risasi ya zamani ikigoma, nikae nayo muda gani kabla ya kufungua? *Msomaji, Sakina*

Jibu: Mtutu uendelee kuelekea kwenye shabaha, bunduki ikiwa begani au mezani, usisogeze uso mbele wala juu ya boliti, hesabu hadi sekunde thelathini. Kwa risasi za umri huo sisi tungesubiri dakika nzima, haikugharimu kitu. Fataki iliyopata unyevu inaweza kuwasha baruti kwa kuchelewa, na ukifungua boliti wakati huo ganda hupasukia hewani, vipande vya shaba vikakufikia machoni. Baada ya muda huo fungua ukiwa pembeni, iweke kando kwenye chombo chake, usiijaribu tena.

Hatari zaidi ni ile inayolia kidogo. Ukisikia "puf" badala ya mlio, au bega likakosa msukumo wa kawaida, simama. Huenda kichwa kimekwama katikati ya mtutu. Toa boliti, hakikisha chemba ni tupu, tazama mwanga kupitia mtutu au pitisha ufito taratibu. Mtu anayepiga risasi ya pili "kuisukuma ya kwanza" hupasua mtutu, na kwa kawaida unapasuka pale mkono wake wa kushoto ulipo.

Swali: Shemeji anataka kuzitupa chooni. Jirani anasema tuziloweke kwenye mafuta ya taa ziharibike, kisha tuuze shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. *Msomaji, Karatu*

Jibu: Msifanye lolote kati ya hayo. Choo cha shimo siku moja kitajaa na kunyonywa au kuchimbwa. Mafuta ya taa wakati mwingine huua fataki, wakati mwingine hapana, na mkishaziloweka hamtajua ipi imekufa. Risasi nzima kwenye gunia la chakavu huishia chini ya nyundo au ndani ya tanuri la mtu asiyejua. Ndani ya moto kichwa hakiruki mbali kama ilivyo kwenye mtutu, lakini ganda hupasuka vipande vyenye makali, vya kutosha kumtoa mtu jicho. Msijaribu pia kung'oa vichwa kwa koleo. Wapeni polisi. Kuna miaka ambapo serikali hutangaza kipindi cha msamaha cha kusalimisha silaha kwa hiari. Kikitangazwa kitumieni, na kisipotangazwa msikisubiri.

Swali: Tulipokuwa tunachimba mfereji tulikuta risasi chache zilizooza, zenye herufi na alama S67, na kando yake chuma kikubwa cha mviringo, urefu wa mkono kuanzia kiwiko. Watoto wamekivuta hadi uwanjani. *Msomaji, Kahe*

Jibu: Tumelijibu hili kwanza kwa simu, na polisi wamearifiwa. Tunalichapisha kwa sababu si Kahe peke yake. Machi 1916 palikuwa na mapigano hapo Kahe, na kabla yake Longido mwaka 1914 na vilima vya upande wa Taveta, kwa hiyo jembe linaweza kukutana na vitu hivi popote kwenye ukanda huo.

S67 ni alama ya Kijerumani ya aina ya shaba, na hukaa pamoja na herufi ya kiwanda, mwezi na mwaka. Hizo ni 8×57 za Mauser. Za Wajerumani kuna mtego mmoja ambao mwenye bunduki ya zamani aujue: toleo la kwanza lilikuwa na kichwa cha milimita 8.08, na lile la miaka ya 1900 likawa milimita 8.22. Ganda ni lilelile kwa macho. Kichwa kipana kwenye mtutu mwembamba huingia kwa shinikizo ambalo bunduki haikutengenezwa kulibeba. Lakini za kwenu zimekaa ardhini zaidi ya miaka mia. Hakuna cha kupima.

Hicho cha mviringo si risasi ya bunduki. Kwa vipimo hivyo kinaelekea kuwa kombora la mzinga, na kutu haikizimi. Kifaa chake cha kulipua kinaweza kuwa kilishafyatuka nusu na kukwama, kikisubiri mtikisiko tu. Kisirudishwe shimoni, kisimwagiwe maji, kisiguswe hata kwa mti. Watu na ng'ombe waondoke uwanjani hadi nyuma ya jengo au tuta, mita mia kadhaa, mmoja asimame njiani kuzuia wapitao, na mfereji usichimbwe tena mpaka wataalamu wa milipuko wapite. Aliyekivuta anawe mikono kwa sabuni na awaonyeshe wataalamu mahali hasa kilipotoka, kwa kuelekeza kidole kutoka mbali.